Jinsi ya Kufunga Barabara ya Mtaa kwa Saa Mbili Ili Watoto Wacheze

Katika mitaa ya Dar es Salaam, kufunga barabara si jambo geni. Msiba ukitokea Tandika, Sinza au Vingunguti, turubai husimamishwa katikati ya njia kabla jua halijapanda, viti vya plastiki hupangwa, na dereva anayefika hapo hugeuza gari lake bila kuuliza. Harusi hufungiwa njia vivyo hivyo, na ngoma ya usiku kucha hufungiwa hata pale majirani wasipopenda. Kwa hiyo mkazi anayetaka kuwafungia watoto barabara kwa saa mbili za Jumapili jioni hana haja ya kubuni jambo jipya, kwa kuwa vifaa, watu na hata ujuzi wa kuwaelekeza madereva tayari vipo mtaani. Kilichobaki ni kuwafanya majirani wakubali kwamba mchezo wa mtoto nao ni sababu ya kutosha ya kufunga njia, kisha kuilinda njia hiyo ikishafungwa. Mwongozo huu unashughulikia zaidi kazi hizo mbili, maana kucheza kwenyewe watoto hawahitaji kufundishwa.

Utaratibu huu una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Jiji la New York lilianza kuwafungia watoto baadhi ya mitaa mwaka 1914 chini ya usimamizi wa polisi, na Uingereza ikatunga sheria maalumu ya mitaa ya michezo mwaka 1938, ingawa magari yalivyozidi kuongezeka mitaa hiyo ilififia moja baada ya nyingine. Ilifufuka katika jiji la Bristol, hukohuko Uingereza, mwaka 2009, pale wazazi wa mtaa mmoja walipoifunga njia yao baada ya saa za shule ili watoto watoke nje, na mwaka 2011 halmashauri ya jiji hilo ikaweka utaratibu wa kuwaruhusu wakazi kuomba kibali kimoja cha kufunga njia yao mara nyingi. Huo ndio mfano unaofuatwa hapa: njia fupi, wakazi wenyewe, saa chache, na mazoea ya kurudia. Zipo pia siku za kufunga barabara kubwa asubuhi ya Jumapili, kama zile za Bogotá nchini Colombia tangu mwaka 1974, za Kigali tangu 2016 na za Addis Ababa tangu 2018. Siku hizo ni nzuri, lakini huandaliwa na mamlaka ya jiji, na mtoto wa miaka sita hawezi kuzifikia mpaka mzazi wake apate nafasi na nauli ya kumpeleka. Njia iliyo mbele ya mlango wa nyumbani kwao anaifikia kwa miguu yake mwenyewe.

Kuchagua njia

Itembeeni njia mnayoifikiria katika siku na saa ileile mnayokusudia kuifunga, na mkae hapo nusu saa mkihesabu magari, bajaji, bodaboda na maguta yanayopita, huku mkitofautisha yale ya wakazi na yale yanayokatiza tu. Hesabu hiyo iandikwe na kutunzwa, kwa sababu itawafaa zaidi ya mara moja. Njia inayopitiwa na daladala iacheni, na pia ile inayoelekea zahanati au hospitali, au ile ambayo madereva huitumia kukwepa foleni ya barabara kubwa. Dereva aliyezoea kukatiza hapo kila siku ndiye atakayefika akiwa na haraka na hasira kuliko wote.

Urefu wa mita 60 hadi 120 unatosha. Kipimo hiki hakitokani na sheria yoyote. Kinatokana na macho na masikio, kwa kuwa msimamizi wa upande mmoja anapaswa kumwona mwenzake wa upande wa pili, na filimbi inapopulizwa lazima isikike na kila mtoto hata wakiwa katikati ya kelele zao. Kwa sababu hiyohiyo, njia yenye kona katikati haifai hata kama ni tulivu kiasi gani. Mteremko nao ni tatizo: mpira huukimbilia, mtoto huukimbilia mpira, na bodaboda inayoshuka huchelewa kusimama.

Tatizo ambalo watu wengi hulisahau ni vichochoro. Ramani itawaonyesha miingilio miwili, huku mwanzo na kule mwisho, lakini katika mitaa yetu ambayo haikupimwa, katikati ya nyumba na nyumba huwa na upenyo ambao gari haliwezi kupita na pikipiki hupita bila shida yoyote. Kila upenyo wa aina hiyo unahitaji kizuizi na mtu wa kuulinda. Ikiwa vichochoro ni vinne na watu mlionao ni saba, fupisheni eneo mpaka vibaki viwili.

Kisha itazameni ardhi yenyewe, mkiinama kama mtoto. Angalieni chemba zisizo na mifuniko, mtaro ulio wazi, waya unaoshikilia nguzo ya umeme, nondo zilizochomoza kwenye nyumba inayojengwa, vipande vya chupa karibu na grosari. Chemba iliyo wazi hufunikwa kwa ubao mzito unaozidi tundu kwa pande zote, na juu yake huwekwa tairi kuukuu ili ionekane. Kuwaonya watoto kwa mdomo peke yake hakutoshi, kwa sababu mtoto anayekimbizwa hatazami chini. Njia ya vumbi si mbaya hata kidogo, ila inyunyizieni maji saa moja kabla. Lami na vitofali vinafaa zaidi kwa kuruka kamba na kwa mtoto anayetumia kiti cha magurudumu.

Majirani kwanza, ofisi baadaye

Kosa la kawaida ni kuanzia ofisini. Kibali chenye muhuri kikiletwa mtaani kabla majirani hawajaulizwa, hupokelewa kama amri, na jirani aliyepuuzwa ana njia nyingi za kuiharibu siku hiyo bila kuvunja sheria yoyote. Pigeni hodi nyumba kwa nyumba, wawili wawili, wiki tatu au nne kabla, na mmoja wenu awe mtu anayefahamika upande huo wa njia.

Waanzieni wale watakaoguswa zaidi: wenye magari, wenye maduka, mama lishe, fundi anayetengeneza pikipiki pembeni mwa njia, familia yenye mgonjwa au mtoto mchanga, na kijiwe cha bodaboda. Msiwaulize kama wanakubali au wanakataa. Waulizeni wana shughuli gani saa hizo, kwa sababu jibu la swali hilo ndilo linalowaonyesha la kufanya. Mwenye duka anayenung'unika huenda ana gari la soda linalofika Jumapili saa 11, na tatizo lake linakwisha gari hilo likipangiwa kufika mapema. Mzee anayechukia kelele huenda anachukia mpira unaogonga dirisha lake tu, na mkiahidi kwamba eneo la mpira litakuwa mwisho mwingine wa njia, mtamwona kibarazani akitazama. Akiwepo anayekataa kabisa, msimshinde kwa wingi wa kura. Fupisheni eneo liishie kabla ya geti lake, mfanye mara ya kwanza bila yeye, kisha mumrudie.

Kijiwe cha bodaboda kinastahili mazungumzo yake ya pekee na mwenyekiti wake, tena kwa heshima, kwa sababu vijana hao hupoteza abiria njia ikifungwa na wao ndio wanaoujua kila uchochoro. Mwombeni mmoja wao awe msimamizi. Dereva wa bodaboda husimamishwa kwa urahisi zaidi na dereva mwenzake kuliko na mwalimu mstaafu.

Majirani wakisharidhia, andikeni majina ya kaya na sahihi zake kwenye karatasi moja, mpitie kwa mjumbe wa nyumba kumi, kisha mwende ofisi ya Serikali ya Mtaa. Kufunga njia kwa msiba huvumiliwa kwa mazoea bila maandishi. Kufunga njia kwa michezo, tena kwa kurudiarudia, kunahitaji barua. Barabara kuu na za mikoa zipo chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, na njia za ndani ya miji zipo chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanzishwa mwaka 2017, huku mwenendo wa magari ukisimamiwa na polisi wa usalama barabarani. Kwa hiyo barua iandikwe kwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, na nakala ziende kwa Ofisa Mtendaji wa Kata, mkuu wa kituo cha polisi na ofisi ya TARURA ya wilaya, na muulize waziwazi kama kuna kibali kingine kinachotakiwa kabla ya tarehe mnayoiomba. Barua ikiwa fupi namna hii inatosha:

YAH: OMBI LA KUFUNGA BARABARA KWA MUDA KWA AJILI YA MICHEZO YA WATOTO

Sisi wakazi wa mtaa wa ........ tunaomba kibali cha kuifunga barabara ya ........, kuanzia nyumba namba ........ hadi makutano ya ........, siku ya Jumapili tarehe ........, kuanzia saa 10:00 hadi saa 12:00 jioni. Magari ya wakazi yataingia na kutoka kwa mwendo wa mtu anayetembea, yakiongozwa na msimamizi. Magari ya wagonjwa, ya zimamoto na ya polisi yatapishwa wakati wowote. Wazazi na walezi watabaki na wajibu wa kuwaangalia watoto wao. Majina na namba za simu za wasimamizi, mchoro wa eneo na sahihi za kaya zilizoridhia vimeambatanishwa.

Mkipenda kuipa barua uzito, mnaweza kutaja kwamba haki ya mtoto kucheza na kupumzika imo katika Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 na katika Ibara ya 12 ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, na kwamba Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kila siku. Maneno haya yanafaa ofisini. Mtaani hayana nguvu sana, kwani jirani hushawishika zaidi akiambiwa ni saa mbili tu na kwamba njia itafagiliwa.

Kwa msomaji wa Zanzibar, mahali pa kuanzia ni kwa sheha. Kwa msomaji wa Nairobi au Mombasa, kamati ya Nyumba Kumi, chifu msaidizi, kituo cha polisi na ofisi ya kaunti ndizo ngazi zinazofanana na hizi, na katika mtaa wenye geti la pamoja chama cha wakazi huulizwa kabla ya wote.

Siku na saa

Jumapili kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni ndiyo inayofaa katika ukanda wa pwani. Jua limepoa, waliokwenda kanisani wamerudi na kula, wengi wameshaswali alasiri, na njia hufunguliwa kabla ya magharibi na kabla ya giza. Epukeni mwezi wa Ramadhani, ambapo jioni yote ni ya maandalizi ya futari, na epukeni wikiendi za sikukuu kwa sababu ya magari ya wageni. Kati ya Machi na Mei, msimu wa masika, kubalianeni mapema kwamba mvua ikinyesha siku inaahirishwa kwa wiki moja, ili pasiwe na ubishi kwenye simu saa 9 alasiri. Ulizeni pia ratiba ya madrasa na ya mafundisho ya kipaimara, msije mkawagawa watoto bila kukusudia.

Kuna swali moja zaidi la muda ambalo wanaume waandaaji hulisahau: saa 10 hadi 12 jioni ndizo saa ambazo wasichana wengi huwa wanachota maji, wanaosha vyombo au wanabeba wadogo zao. Njia inaweza kufungwa vizuri kabisa na wakacheza wavulana peke yao. Waambieni akina mama wiki nzima kabla ili kazi hizo zifanyike asubuhi, na wale wanaolea wadogo zao waje nao, watengewe kivuli na mkeka.

Midomo ya njia

Hapa ndipo usalama wote ulipo. Kila mwisho wa njia uwe na watu wazima wawili na kizuizi, na katikati awepo mtu wa tano anayezunguka. Vijana wa miaka 15 wanaweza kusaidia, lakini wasiachiwe kizuizi peke yao, kwa kuwa dereva mtu mzima hatawasikiliza. Kila baada ya saa moja wasimamizi wabadilishane. Wavae vizibao vya reflekta, wawe na filimbi, simu iwe mfukoni, na aliyekunywa pombe asipewe zamu hata kama ndiye mwenye wazo.

Kizuizi kizuri ni kile ambacho dereva anakiona akiwa mbali na ambacho watu wawili wanakiondoa ndani ya sekunde chache gari la wagonjwa likija. Benchi la mbao, viti vya plastiki vilivyopangwa mstari, mapipa matupu au koni za kuazima vyote vinafaa, pamoja na bango lenye maandishi makubwa: NJIA IMEFUNGWA, WATOTO WANACHEZA, HADI SAA 12 JIONI. Msitumie mawe, wala magogo, wala mbao zenye misumari. Na zaidi ya yote, msifunge kamba wala waya kutoka nguzo hadi nguzo. Mwendesha bodaboda anayekuja na jua machoni haioni kamba nyembamba, na kamba iliyokazwa kwenye usawa wa kifua au shingo yake inaweza kumuua. Kama kamba ni lazima, iwe ya kushikwa mkononi upande mmoja, ining'inizwe vitambaa vyeupe, na iachiwe mara moja mtu anapokaribia kwa kasi. Nyuma ya kizuizi pabaki njia wazi yenye upana wa mita nne hivi kwa ajili ya gari la zimamoto. Meza, mikeka na majiko ya wauza mihogo yasiizibe.

Msimamizi husimama pembeni mwa kizuizi, akiwatazama wanaokuja na kuwapa watoto mgongo, kwani watoto wana mtu wao wa katikati. Maneno yake yawe machache na ya upole: «Habari za jioni, kaka. Njia imefungwa hadi saa 12 kwa ajili ya watoto, na kibali hiki hapa. Unaingia kwa nani?» Akiwa ni mzee, shikamoo hutangulia maelezo yote. Anayekatiza tu huelekezwa njia ya kuzungukia kwa kutajiwa kitu anachokiona, kwa mfano akunje kushoto kwenye msikiti, na msimamizi awe ameshaitembea njia hiyo mwenyewe ili asimtume mtu kwenye shimo. Akijitokeza mbishi anayetaka kupita kwa nguvu, msimamizi hapaswi kusimama mbele ya gari. Apulize filimbi ili watoto waondoke njiani, aache gari lipite, na aandike namba yake kwa ajili ya taarifa ya baadaye. Kumshinda dereva mmoja si kazi iliyompeleka pale.

Mkazi anayeingia au kutoka na gari ana haki ya kufanya hivyo, na hili ndilo jambo linalowatofautisha na watu wa ngoma. Filimbi ndefu moja maana yake ni kwamba kila mtoto aache alichoshika na aende ukutani. Kwa kuwa njia zetu nyingi hazina sehemu ya waenda kwa miguu, choreni mstari wa chaki au wa chokaa mita moja na nusu hivi kutoka kwenye kuta, na nyuma ya mstari huo pawe ndiyo salama. Msimamizi hutangulia mbele ya gari kwa miguu, dereva akiwa ameshusha kioo na kuwasha taa za dharura, na gari halimpiti. Tofauti ya mwendo inastahili kuelezwa kwa madereva kwa takwimu: kwenye kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo cha kisheria katika makazi nchini Tanzania, gari hukata karibu mita 14 kila sekunde, kwenye 30 hukata mita 8 na kitu, na kwa mwendo wa mtu anayetembea halifiki hata mita moja na nusu. Dereva anayehitaji sekunde moja tu kutambua kwamba mtoto amekatiza huwa ameshasogea umbali wote huo kabla hajagusa breki.

Kurudi nyuma kwa gari kunatisha zaidi kuliko kwenda mbele, kwa sababu mtoto aliyechuchumaa nyuma ya gari refu haonekani kwenye kioo chochote. Wekeni kanuni kwamba hakuna gari linalorudi nyuma bila mtu mzima kusimama nyuma yake na mwingine kuchungulia uvunguni. Ni afadhali zaidi wenye magari wayatoe nje ya eneo kabla ya saa 10, na yatakayobaki yakae bila kuguswa mpaka mwisho.

Kabla ya mchezo wowote kuanza, fanyeni zoezi la filimbi mara tatu au nne. Watoto hulipenda na hushindana nani atafika ukutani mwanzo. Kitu kimoja ndicho kigumu kwao, nacho ni kuuacha mpira. Mpira ukibaki katikati ya njia, atakuwepo mmoja atakayechomoka kuufuata gari likiwa linakaribia, basi katika zoezi hilo wekeni mpira katikati makusudi, na msimamizi awe ndiye pekee anayeruhusiwa kuuokota.

Michezo

Waandaaji wengi hutaka kupanga ratiba, timu, mwamuzi na zawadi. Jizuieni. Watu wazima wakiingia na vipaza sauti, watoto wanageuka watazamaji wa shughuli iliyoandaliwa kwa jina lao. Leteni vitu na mkae pembeni: kamba ndefu, chaki, matairi, maboksi, mipira ya soksi, gololi, maji ya kunywa na ndoo mbili za mchanga.

Mchanga una sababu yake. Katika rede, wawili husimama wakitazamana na kurushiana mpira, na aliye katikati huukwepa huku akiinama kujaza mchanga kwenye chupa kiganja kwa kiganja, na kanuni nyingine hutofautiana mtaa hadi mtaa. Kwenye njia ya lami mchanga huo haupo, na bila ndoo mchezo wenyewe haupo. Mdako nao huhitaji kishimo na vijiwe, kwa hiyo hufaa pembezoni penye udongo. Kombolela ni tamu lakini ndiyo inayohitaji tahadhari, kwa sababu watoto hujificha nyuma ya magari yaliyoegeshwa na huvuka mipaka ya eneo bila kujua. Waonyesheni mwisho wao ni nyumba ipi, na ikiwa magari yaliyobaki ni mengi, mchezo huo usubiri siku nyingine.

Mpira wa miguu utameza njia nzima usipodhibitiwa. Chandimu ya vijana wa miaka 14 na mtoto wa miaka minne anayejifunza baiskeli haviwezi kukaa pamoja, na mkubwa hushinda. Gaweni njia kwa mstari, theluthi moja iwe ya mipira, na mpira mgumu wa ngozi ubaki nyumbani. Wapo pia watoto ambao hawatatoka wasipoitwa kwa jina, hasa wenye ulemavu ambao familia zao zimezoea kuwaficha ndani kwa hofu ya maneno. Mtu anayeheshimiwa na familia hiyo aende mwenyewe siku moja kabla, na siku yenyewe pawe na mchezo wanaouweza, kama bao, gololi au kuchora kwa chaki.

Mambo matatu hukataliwa tangu mwanzo. Spika kubwa hukataliwa, kwa kuwa mziki ukianza watu wazima wanakuja na watoto wanasogea pembeni, achilia mbali kwamba filimbi haitasikika. Fulana za wagombea na za kampuni hukataliwa, hata zikiwa za bure, la sivyo nusu ya majirani mliowashawishi kwa wiki tatu mtawapoteza. Na picha za watoto hazipigwi wala kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp bila ruhusa ya wazazi wao. Kila mzazi akumbushwe kwamba hii si shule ya chekechea: wasimamizi wanalinda njia, na mtoto mdogo anakuja na mtu wake.

Sanduku la huduma ya kwanza liwe na bandeji, maji safi na sabuni kwa ajili ya magoti, na mmoja wa wasimamizi awe anajua zahanati gani iko wazi Jumapili jioni na nani ana usafiri wa kumfikisha mtu huko. Namba 112 ya polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji ziandikwe nyuma ya bango.

Kufungua njia

Dakika kumi kabla ya saa 12 pigeni filimbi ya kwanza, ili michezo imaliziwe bila vilio. Saa 12 kamili watoto waondoke njiani, mtu wa katikati aitembee njia yote kutoka mwisho hadi mwisho akitazama uvunguni mwa magari na nyuma ya matairi, kisha awape ishara wasimamizi, na hapo tu vizuizi viondolewe, pande zote mbili kwa pamoja. Vikiondolewa upande mmoja kwanza, magari huanza kuingia wakati upande wa pili bado kuna watoto wanaoaga. Fagieni, rudisheni viti na koni kwa wenyewe jioni hiyohiyo, na msiache taka hata ya pipi mbele ya duka la mtu.

Wiki hiyo warudieni majirani wenye malalamiko, hasa yule wa geti mliloliruka, na mpeleke taarifa ya ukurasa mmoja kwenye Serikali ya Mtaa: watoto wangapi walikuja, magari mangapi yalielekezwa kwingine, nani alilalamika na mlimjibu nini. Ombeni tarehe za miezi mitatu ijayo kwa barua moja, siku na saa zilezile, kwa mfano Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, kwa sababu madereva huzoea kitu kinachorudi kwa ratiba na hukerwa na kinachowashtukiza. Ikiwa hesabu mliyoifanya wakati wa kuchagua njia ilionyesha kwamba bodaboda na magari hupita hapo kwa kasi siku zote, iambatanisheni na barua nyingine ya kuomba tuta na alama ya watoto, ipitie mtaa na kata mpaka ofisi ya TARURA ya wilaya, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.